Kati ya Washa na Wacha

Wanafunzi wa fonolojia hufundishwa mapema kwamba sauti mbili zikipokezana nafasi moja katika neno na maana ikageuka, basi sauti hizo ni fonimu mbili tofauti. Mifano ya darasani aghalabu huwa ya amani: pata na bata, faa na vaa. Ipo jozi nyingine ambayo haijazoeleka vitabuni, ingawa katika karakana za Nairobi hutamkwa kutwa kucha. Jozi hiyo ni washa na wacha. Neno la kwanza huupa mtambo mwendo. La pili humwamuru mtu auache kama ulivyo, asiuguse. Amri hizo mbili zinakinzana kabisa, ilhali kinachozitenganisha ni kikwamizo sh na kipasuo-kwamizo ch, basi.

Mpiga chapa mmoja wa mtaa wa Jericho, katika Eastlands ya Nairobi, hakuipata jozi hii kitabuni. Aliipata kwa gharama ya vidole vya msaidizi wake. Wenzake walimwita Fundi, na jina hilo latosha hapa. Alikuwa na miaka ishirini na ushei katika kazi ya ofseti, na kabla ya hapo alikuwa amepitia mafunzo ya uchapishaji katika Kenya Polytechnic, ile ambayo tangu mwaka wa 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Kenya, katika Barabara ya Haile Selassie. Alikuwa mtu wa maneno machache, na maneno machache hayo alikuwa akiyatamka kwa sauti ya juu, kama wafanyavyo watu wote waliozeekea kando ya mitambo.

Ramani ya Nairobi husomeka kama mkataba wa kazi. Upande mmoja wa reli kuna Eneo la Viwanda, na barabara zake za Enterprise, Likoni, Lunga Lunga na Dar es Salaam. Upande wa pili, kando ya Barabara ya Jogoo na nyuma yake, imepangwa mitaa ya Makongeni, Kaloleni, Mbotela, Maringo, Jericho na Jerusalem, ambayo mingi ilijengwa na shirika la reli au na baraza la jiji ili ofisi, reli na viwanda visikose mikono. Neno mikono hapa si tamathali ya usemi. Asubuhi watu huvuka reli kwa miguu kwenda kuiuza mikono hiyo kwa zamu, na jioni hurudi nayo nyumbani. Ni matarajio ya kila familia kwamba itarudi mizima.

Ili kuelewa kilichotukia, msomaji ahitaji kuujua mtambo wenyewe kidogo. Ofseti hufanya kazi kwa silinda zinazogusana. Bamba lenye maandishi hufungwa kwenye silinda ya kwanza. Wino wake hupokewa na blanketi ya mpira iliyozungushiwa silinda ya pili, na karatasi hupita baina ya blanketi hiyo na silinda ya tatu inayoikandamiza. Ukurasa wowote wa jarida uliochapwa kwa ofseti umepita katika mwanya huo. Pale silinda mbili zinapokutana zikizunguka kuelekea ndani, huvuta karatasi. Na kwa nguvu ile ile huvuta kitambaa, mkono wa shati na kidole, maana hazina macho ya kubagua. Mtambo mdogo wa Heidelberg wa aina ya GTO unaweza kupitisha karatasi 8,000 kwa saa, yaani zaidi ya 2 katika kila sekunde. Mtambo ukienda kwa kasi hiyo hakuna mwenye akili timamu atakayeingiza mkono. Kelele zake zenyewe humfukuza mtu. Watu huingiza mikono mtambo ukiwa umesimama.

Kiswahili kina onyo lake hapa, japo wasemaji wameshalizoea hata hawalisikii tena. Kitenzi simama kina maana ya kukoma mwendo, na kina maana ya kuinuka wima. Mtu aliyeketi akisimama, yu tayari kuondoka. Mtambo uliosimama nao u hivyo hivyo: umekoma, lakini haujaketi. Umeme ungali unaufikia na uzito wa silinda ungali tayari kuzunguka. Kusimamisha si kuzima, na kuzima nako si kufungia. Katika karakana nyingi vitenzi hivi vitatu huchanganywa, na msimamizi akiuliza, "Umezima?" hujibiwa, "Ndiyo, imesimama," naye akaridhika.

Waundaji wa mitambo wanaijua tofauti hiyo. Kitufe cha dharura, kile chekundu chenye umbo la uyoga kilichowekwa juu ya rangi ya manjano, kimewekewa kiwango cha kimataifa, ISO 13850. Kiwango hicho kinataka kwamba kukirejesha kitufe kilichobonyezwa kusiuendeshe mtambo. Kukirejesha kunatoa ruhusa tu ya kuuendesha. Mwendo wenyewe sharti uanzishwe kwa amri nyingine ya makusudi. Vilevile kitufe hicho kirejeshwe kwa mkono, pale pale kilipobonyezwa. Kwa hivyo kuanza upya ni vitendo viwili, ruhusa na mwendo, na baina yake pameachwa nafasi ya mtu kutazama. Mhandisi ameiacha nafasi hiyo wazi kwa kukusudia. Namna ya kuijaza hakuieleza kwa Kiswahili, wala hakuna aliyemwomba afanye hivyo.

Fundi aliijaza kwa desturi aliyorithi kwa waliomfunza. Mtambo ukisimama kwa dharura, aliyeusimamisha hutaja sababu. Uchafu huondolewa kwa kitambaa kilichokunjwa kikashikwa kiganjani, kisichoning'inia pembe, na mkono hufanya kazi upande wa silinda unakotoka karatasi, si upande unakoingia. Ikibidi silinda isogezwe, mkono hutoka kwanza, silinda ikasogezwa kidogo kwa kitufe cha kuinchi, ikasimama, ndipo mkono ukarudi. Mwishoni vifaa huhesabiwa: spana ngapi, vitambaa vingapi. Vifuniko hurudishwa. Kisha kitufe chekundu, kengele, kimya cha sekunde chache, mzunguko mmoja wa polepole, na kasi baadaye. Desturi hiyo ilikuwa nzuri. Upungufu wake ni kwamba ilitegemea mdomo na sikio, na hakuna aliyewahi kuvipima.

Mapema mwaka wa 2013 karakana za jiji zilikuwa zimelemewa. Shule zilikuwa zimefunguliwa, na uchaguzi mkuu wa Machi 4 ulikuwa u mlangoni. Ulikuwa uchaguzi mkuu wa kwanza chini ya Katiba ya 2010, na kila mpiga kura alikuwa na karatasi 6 za kupigia kura: ya rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wa wadi. Kila kiti kilikuwa na wawaniaji tele, na kila mwaniaji alitaka uso wake ubandikwe kwenye kila mlingoti wa umeme kabla ya mpinzani wake. Kiwanda ambamo Fundi alifanya kazi, ambacho hakina haja ya kutajwa, kilikuwa kikichapa usiku na mchana. Mtambo ulikuwa wa rangi nne, wenye minara minne iliyofuatana. Swichi za usalama, zile zinazouzuia mtambo kwenda kifuniko kikiwa wazi, zilikuwa zimefungwa kwa waya tangu mwaka uliotangulia kwa sababu zilikuwa "zikichelewesha kazi".

Katika zamu moja ya usiku karatasi mbili ziliingia pamoja, zikajikunja na kujizungushia blanketi ya mnara wa tatu. Fundi alibonyeza kitufe chekundu. Msaidizi wake, kijana wa mtaa wa Umoja aliyekuwa na miezi saba kazini, aliingia baina ya mnara wa pili na wa tatu akiwa na kitambaa na petroli. Katika nafasi hiyo mtu huonekana mgongo tu, na kwa aliyesimama mwisho wa mtambo, kunakotolewa karatasi, haonekani kabisa. Huko mwisho alikuwako mfanyakazi wa tatu, mtu mwangalifu ambaye hakuwa ameumiza mtu maishani mwake. Fundi alikirejesha kitufe chekundu, kwa kuwa alikusudia kumsogezea kijana silinda kidogo kidogo, yeye mwenyewe, kwa kitufe cha kuinchi. Ruhusa ikawa imetolewa. Ulibaki mwendo. Hapo akamwona mwenziwe wa mwisho akinyoosha mkono kwenye vitufe vyake, akampigia kelele.

"Wacha!"

Silinda haikuzunguka hata robo. Kitambaa kilitangulia, mkono ukafuata. Kijana alipoteza ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati.

Walipokuwa wakingoja hospitalini usiku huo, yule mfanyakazi wa tatu alisema mara nyingi, kwa sauti ya chini, "Lakini mzee, uliniambia washa."

"Nilikuambia wacha."

"Mzee, nilisikia washa."

Wote wawili walikuwa wakisema kweli. Ukweli huo ndio uliomsumbua Fundi kuliko vile ambavyo uongo ungemsumbua. Mtu akidanganya, kosa hupata mwenyewe. Hapa neno lilikuwa limetoka kinywani likiwa ch na kufika sikioni likiwa sh, na umbali wa baina yao haukuzidi hatua kumi na tano.

Mwanafonetiki angeweza kuwaeleza. Sauti ch huanza kwa mzuio: ulimi huziba hewa, panakuwa na kimya kifupi mno, kisha hewa huachiliwa kwa mkwaruzo. Sauti sh ni mkwaruzo mtupu usio na kimya kilichotangulia. Kinachotofautisha washa na wacha, kwa hiyo, kwa kiasi kikubwa ni kipande kidogo cha kimya. Na katika karakana ambamo mtambo wa jirani ungali ukienda, pampu za hewa zikivuma na mashine ya kukunjia ikigonga, kimya hicho hujazwa na kelele kabla hakijafika popote. Ch iliyonyang'anywa kimya chake ni sh. Fauka ya hayo, kelele za miaka mingi huanza kuharibu usikivu katika masafa ya juu, huko huko kwenye mikwaruzo ya s, sh na ch, ilhali irabu hubaki zikisikika vyema. Mzee wa mitambo husikia sana kwamba ameambiwa kitu. Hasikii ni kitu gani. Kanuni za Kenya za mwaka wa 2005 kuhusu kelele kazini zinakataza mfanyakazi kukaa katika wastani wa zaidi ya desibeli 90 kwa muda unaopita saa 8 katika siku. Katika karakana ile hapakuwa na kipima kelele, wala hapakuwa na aliyewahi kukiulizia.

Tena hii ni Eastlands. Katika baraza moja la Umoja au Kayole huketi watu wa lugha za kwanza nane au tisa, na Kiswahili chao hubeba alama za huko walikotoka. Herufi c ya Kikuyu, katika vinywa vya wengi, husikika ikikaribia sh. Dholuo haina sh kabisa. Ni dhahiri basi kwamba jozi ambayo mhadhiri huiandika ubaoni kwa usafi wa aina yake hutamkwa mitaani kwa namna nyingi, na watu huelewana kwa sababu wanaonana nyuso na wanajua mazungumzo yanahusu nini. Katika karakana, usiku, nyuma ya mnara wa chuma, hakuna uso wa kutazama.

Pengine atatokea msomaji wa kusema kwamba wacha si sanifu, kwamba sanifu ni acha, na kwamba Kiswahili fasaha kingaliokoa vidole vile. Ni hoja ya kuchekesha na kuhuzunisha kwa pamoja. Acha na washa bado ni mapacha kwa sikio lililochoka, na mtu anayeona mkono wa mwenziwe ukielekea kwenye kitufe hatangoja kuchagua lahaja. Kasoro haikuwa ya usanifu. Kasoro ni kwamba amri mbili zinazopingana, na ambazo mojawapo inaweza kukata mkono, zilikuwa zimeachwa zifanane.

Jambo hili si la Nairobi peke yake. Mnamo Machi 27, 1977, ndege mbili aina ya Boeing 747 ziligongana juu ya barabara ya kurukia katika uwanja wa Tenerife, Visiwa vya Canary, wakafa watu 583. Miongoni mwa sababu zilizobainika ni maneno: ndege iliyokuwa ikisubiri ruhusa na waongozaji wa ndege mnarani walikuwa wakilitumia neno la kuruka kwa maana zisizolingana. Baada ya hapo, katika mawasiliano ya marubani, neno hilo lilifungiwa. Likawa halitamkwi ila ruhusa yenyewe ya kuruka inapotolewa au kufutwa; kwa shughuli nyingine zote hutumika neno jingine. Neno moja liliondolewa katika matumizi ya kawaida, kama vile mtu anavyofungia kisu kabatini.

Sheria ya Kenya, kwa upande wake, haikosi meno. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka sehemu za hatari za mitambo zizingirwe, inataka anayefanya kazi kwenye mtambo wa hatari aelezwe kikamilifu hatari zake na tahadhari zake, na inataka kamati ya usalama iundwe panapokuwa na wafanyakazi 20 au zaidi. Inasema pia kwamba mfanyakazi akitoa taarifa ya hatari kubwa iliyo karibu, mwajiri asimrudishe mahali hapo hadi hatari iondolewe. Hicho, kwa hakika, ni kifungu cha kuanza upya, ingawa hakijaitwa hivyo. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, ya mwaka huo huo, hupima ulemavu wa kudumu kwa asilimia na kuufidia kwa kuzingatia mshahara wa miezi 96. Kila kidole na kila pingili ina fungu lake katika jedwali. Kijana wa Umoja alilisoma jedwali hilo kwa Kiingereza, akiwa na bendeji mkononi, akitafuta mstari wake. Ibara ya 7 ya Katiba imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ruwaza ya mtambo kusimama ipo hapa vilevile: ruhusa imetolewa, mwendo bado.

Yaliyofuata katika karakana hayakutoka kwa mwenye kiwanda. Waya zilifunguliwa kutoka kwenye swichi za vifuniko kwa kuwa mkaguzi alikuwa akitarajiwa. Mengine waliyafanya wapiga chapa wenyewe, wakati wa chai. Fundi alipendekeza kwamba neno washa lisitamkwe tena karibu na mtambo, na wacha pia, kwa sababu ukilipiga marufuku moja na kuliacha jingine, sikio litaendelea kuwaza yote mawili. Kuzuia kukawa na neno moja tu, "Basi!", ambalo halina mkwaruzo wa sh wala ch katikati na ambalo kila aliyepanda matatu ya Barabara ya Jogoo analijua. Palizuka ubishi juu ya hilo, maana palikuwa na waliotaka "Simama!", na Fundi akakataa; alisema mtambo wenyewe umeshasimama, unaambiwa nini tena?

Kuanza upya kulihitaji zaidi ya neno moja. Mwenye vitufe huita, "Mikono!" Kila aliye kwenye mtambo hujibu kwa namba ya mnara wake: "Moja nje," "Mbili nje," "Tatu nje," "Nne nje." Jibu lisipotimia, hakuna kengele. Asiyejibu hafuatwi kwa kelele. Hufuatwa kwa miguu, akaonwa kwa macho. Aliyeingia baina ya minara hubonyeza kwanza kitufe cha kuzuia kilicho pale pale alipo, na hakuna mwingine mwenye haki ya kukirejesha, hata msimamizi, hata akiwa na haraka. Kwa kazi ndefu walichanga pesa wakanunua makufuli Gikomba, kila mmoja lake, wakawa wanayatia kwenye swichi kuu. Mtu hutembea na ufunguo wake mfukoni. Stima zikipotea, na usiku wa Eneo la Viwanda hazikosi kupotea, wa karibu na swichi kuu huishusha kabla hata ya kuwasha tochi ya simu, ili umeme utakaporudi usimkute mtu ameinama. Mitambo ya kisasa haiamki yenyewe umeme unaporudi. Mashine kuukuu za kukatia na kukunjia zilizotengenezwa na kutengenezwa tena hazina adabu hiyo.

Msamiati huu haumo katika kamusi yoyote, na si lazima uwemo. Wanaistilahi hutafuta majina: kifaa hiki kiitweje, sehemu ile iitweje. Ni kazi ya maana. Lakini jina la kitufe halijapata kumtoa mtu mkono baina ya silinda. Kinachomtoa ni amri fupi isiyofanana na nyingine, na jibu ambalo kutokuwepo kwake kunasikika. Utafiti wa namna hiyo ungehitaji mtu akae karakana usiku mzima na kalamu, jambo ambalo tasnifu chache hulidai.

Kijana alirudi kazini baada ya miezi mitano. Aliwekwa kwenye meza ya kuhesabia karatasi, akakataa, akaomba mnara wake wa tatu. Yule aliyesikia washa aliondoka kiwandani kabla ya Pasaka bila kufukuzwa na yeyote, na Fundi alikwenda kwake Maringo mara mbili kumsihi arudi. Mara ya kwanza hakumkuta. Mara ya pili waliongea kuhusu mpira.

Miaka michache baadaye kiwanda kilinunua mtambo mwingine, mkuukuu lakini wenye vifuniko kamili na vibandiko vya onyo vya Kiingereza na Kijerumani kwenye kila mnara. Chini ya vibandiko hivyo, kwa kalamu nene ya wino mweusi, mtu ameandika MIKONO? kwenye meza ya vitufe, na namba na neno NJE kwenye kila mnara. Wino huo hufutika kwa petroli ile ile inayosafishia rola. Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya zamu kuanza, anayewahi kufika huuandika upya.